Malkia wa Kijito Asiyependa Maji

Jumatatu, 4 Novemba

Daktari amekuja. Amesikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwita binti yangu pembeni wakanong'ona. Kuna watu wanaodhani mgonjwa wa moyo ni kiziwi! Nimesikia yote. Moyo umechoka, maji yamefika mapafuni, tuhesabu majuma, si miezi. Chumvi marufuku. Ngazi marufuku. Hasira marufuku.

Hiyo ya mwisho haiwezekani. Shemeji yangu anaishi mtaa wa pili.

Basi nimeamua kuungama. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na minne. Nimeandika kitabu cha maua ya pori kinachotumiwa mpaka leo. Na ndani ya kitabu hicho, ukurasa wa 61, kuna uongo. Si kosa la mpiga chapa. Uongo. Niliupanga mwenyewe, nikausahihisha mara mbili, nikauchorea na picha.

Nauandika hapa kwanza, kwa mazoezi. Miaka thelathini na minane iliyopita Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa mpima ardhi, mtu wa utepe na vigingi. Siku moja akashuka kilimani na ua moja ndani ya kofia. Dogo, jeupe, zambarau kooni. Akaniuliza, shemeji, wewe msomi, hili nini? Nililitazama mara moja tu, nikajua ni jipya. Halikuwemo katika kitabu chochote. Nikamwambia ni gugu. Akalitupa. Kesho yake nikapanda kilima peke yangu, nikachukua matatu, nikayakausha, nikayapeleka makumbusho kwa jina langu.

Ili asije akalitambua, nikageuza maelezo yote ya mahali linapoota. Ua lile huota upande wa kusini, juu ya mwamba mtupu, katika vishimo vyenye changarawe na udongo wa kina cha vidole viwili. Jua kali kutwa. Miezi minane halionekani. Kiazi chake kimelala chini, kikavu kama kokwa. Ikinyesha mvua ya pili linaamka, linachanua siku kumi, linapotea tena. Ukilionea huruma ukalipa maji, linaoza. Mimi nikaandika: upande wa kaskazini, kando ya kijito, kivulini, udongo mweusi wenye unyevu wa daima. Nikalipa na jina kabisa. Malkia wa Kijito. Ua ambalo halijaona kijito tangu kuumbwa!

Kitabu kilipotoka, Shemeji alitazama ule mchoro akasema mbele ya wakwe wote kwamba hili si lingine, ni ua lake la mwambani. Nikajibu kwamba mtu wa vigingi abaki na vigingi vyake. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo anaitwa Bwana Ua. Wajukuu zake wenyewe wanamwita Babu Ua.

Nitamwambia kesho. Saa nne, baada ya vidonge.

Jumanne, 5 Novemba

Sikumwambia.

Kosa ni lake. Aliingia, akanitazama kuanzia miguuni, akasema nimekuwa kama godoro lililosahauliwa mvuani. Unaungamaje kwa mtu wa namna hiyo? Nikamwambia na yeye anafanana na kigingi kilichogongwa vibaya. Akafurahi. Akaketi, akala karanga zangu zisizo na chumvi, akalalamika kuwa hazina chumvi.

Kisha akatoa habari. Kile kilima kinataka kuchimbwa kokoto. Kampuni imeleta maombi, kamati ya ardhi itakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Nikauliza upande gani. Akasema kusini, ndiko kuliko na mwamba mzuri. Kaskazini hawagusi, watazungushia na uzio, kwa sababu kitabu cha msomi mmoja kinasema kuna ua adimu kando ya kijito. Akaniambia nijivunie, shemeji, umeokoa kijito.

Nilikohoa kwa dakika nzima. Binti yangu akaacha cherehani akaja mbio. Mjomba wake akamwambia asihofu, ni sifa tu zimenipalia.

Hali imebadilika, basi. Baruti inakuja juu ya vichwa vya maua, na aliyeionyesha njia ni mimi. Lazima maua yaokolewe. Lakini je, lazima mimi niaibike? Nimefikiri mchana kutwa. Si lazima!

Nyuma ya tangi la maji nina trei ya kuokea iliyotoboka. Ndani yake mna changarawe na viazi vitatu vya Malkia nilivyovichukua mara ya mwisho nilipoweza kupanda, miaka minne iliyopita. Huchanua kila mwaka, nami huvifunika beseni akipita mtu. Safari hii sitafunika. Vikichanua nitamwita Afisa wa Bustani ya Mimea, nitamwonyesha, nitatangaza ugunduzi mpya: Malkia wa Kijito anaweza pia kuishi mwambani! Kamati itaahirisha. Wataalamu watapanda kusini. Mimi nitakuwa nimeligundua ua moja mara mbili.

Nimelala mchana kwa amani.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya pili! Imepiga mabati kuanzia alfajiri hadi saa tatu. Ilipokatika nikachukua fimbo, nikaenda nyuma ya tangi, mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Hatua kumi na tisa, nimepumzika mara mbili.

Trei haipo.

Nimeikuta upande wa bafuni, penye kivuli, chini ya bomba linalovuja. Changarawe imemwagwa. Mahali pake pamejazwa udongo mweusi na samadi, na juu yake limetandikwa gunia bichi lisipate jua. Nikaingiza kidole. Viazi vyote vitatu vilikuwa uji.

Binti yangu akatokea anafuta mikono, uso unang'aa. Akasema alikuwa ananiona nikienda kuitazama ile trei kila siku na kusikitika, kabla sijazidiwa, akajua ni mmea wangu unakufa. Ndipo akakifungua kitabu. Alipoona mchoro akakumbuka ua alilolichungulia chini ya beseni mwaka jana, akaelewa. Wiki tatu sasa anaushughulikia, kopo moja asubuhi na kopo moja jioni. Nimefuata ukurasa wa 61, baba, neno kwa neno. Nilitaka uone umechanua kabla hu... Hakumaliza.

Nilimsifu. Nilisema hata wanafunzi wangu bora hawakuwahi kufuata maelekezo vizuri namna ile, na hiyo ni kweli tupu. Machozi yakanitoka. Akadhani ni ya furaha, akanikumbatia, akaongeza kopo.

Ijumaa, 8 Novemba

Mpango wa pili. Barua isiyo na jina. Rahisi, safi, haina udongo.

Nimeichapa kwa ile taipureta yangu ya zamani, binti akidhani ninaandika wasia. Nimemjulisha Afisa wa Bustani kwamba Malkia wa Kijito anapatikana kusini, juu ya mwamba, na akitaka ushahidi apande wiki ijayo aone. Kuhusu kitabu, nilikuwa mwangalifu. Niliandika kwamba mwandishi wake, ambaye kwa mengine yote ni jabali la elimu, huenda siku hiyo alipotoshwa na ukungu. Nikatia sahihi: Mpenda Maua.

Binti ameidumbukiza katika sanduku la Bustani akienda kununua nyuzi. Nimemwambia ni pongezi.

Kifua chepesi leo. Kusema ukweli kunaponya, hata ukiusema kwa jina la mwingine.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimefanya nini!

Afisa wa Bustani amekuja mwenyewe. Nilimfundisha zamani, alikuwa anakaa dawati la mbele na kuuliza maswali hadi kengele inapigwa. Shikamoo Mwalimu, akapiga goti kidogo, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akasema amepata barua kutoka kwa mtu asiyejitaja, mambo ya ajabu ajabu, lakini kamati inakaa Alhamisi na yeye hawezi kuipuuza bila maoni ya kitaalamu. Na mtaalamu ni nani kama si Mwalimu?

Akanipa barua yangu.

Niliisoma. Mungu wangu, ilikuwa na ujeuri! Ukungu! Mimi, nimepanda vilima miaka arobaini, nipotoshwe na ukungu? Na huyu Mpenda Maua ni nani hata anihukumu? Hana jina, hana sampuli, hana hata adabu ya kuja kuniuliza. Damu ikapanda. Nikaomba karatasi. Nikaandika ukurasa mzima, nikakanusha hoja moja baada ya nyingine, nikamshauri mwandishi huyo akapimwe macho. Nikatia sahihi, nikagonga na muhuri wangu.

Afisa alishukuru sana. Wakati anakunja karatasi akanisimulia jambo. Zile mbegu nilizowapa zamani, Bustani walizipanda katika vyungu arobaini ndani ya kibanda cha kivuli, na maji ya kunyunyizia kama nilivyoelekeza. Vyungu vyote vikaoza. Yeye ndiye alikuwa mhudumu wa kibanda, ndio kwanza ameajiriwa. Akapewa barua ya onyo kwa uzembe, na mpaka leo imo kwenye faili lake. Alisema akicheka. Anaamini hakumwagilia vya kutosha.

Nikamsukumia biskuti. Ndicho nilichoweza.

Gari lake lilipokata kona ndipo nikakumbuka mimi niko upande gani.

Jumatano, 13 Novemba

Kesho kamati. Jana nimeumwa kutwa, sikuweza kushika kalamu.

Mpango wa tatu, na nilidhani ndio bora kupita yote. Shemeji mwenyewe apande kilima, ayakute maua, apige kelele. Yeye anapata ua lake, maua yanapata uhai, mimi nakufa nashangaa pamoja na wengine. Cha kufanya ni kumchokoza tu. Shemeji ukimwambia hawezi kumeza kiti, atauliza unataka aanzie upande wa mguu au wa mgongo.

Alipokuja saa nne nikaanza. Nikasema miaka sabini na sita si mchezo, bila shaka kile kilima sasa anakiona kwenye picha tu. Akamenya karanga. Nikasema nasikia magoti yake yanalia kama mlango wa ghala. Akachota sukari. Nikasema mtu aliyepima wilaya nzima kwa miguu leo anashindwa na kilima cha kuchezea watoto.

Akakoroga chai. Akasema magoti ni mazima. Kilima ndicho hakitaki. Tangu siku ile mliyonicheka, shemeji, sijakikanyaga. Nilipotakiwa kwenda kukipima tena nilimwomba bosi anihamishie mabondeni. Kila nikikiona nasikia ule mcheko. Halafu unajua, nilikuja kuamini mwenyewe kwamba sikuona kitu. Kwamba niliota.

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayesoma vipimo.

Nikatafuta la kuchekesha. Sikulipata. Basi nikamwambia. Lote, kuanzia kofia mpaka ukurasa wa 61. Kwamba hakuota. Kwamba nililijua tangu dakika ile. Nilisema vibaya, kwa kukohoa, bila mpangilio, mimi niliyekuwa nimefanya mazoezi wiki nzima.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja. Dada yangu alijua? Nikasema hapana. Akasema afadhali.

Kisha akachukua kofia akaondoka. Chai ameiacha nusu. Miaka hamsini ya ushemeji, hajawahi kuacha chai hapa, hata tulipogombana juu ya mahali pa kumzika mke wangu.

Alhamisi, 14 Novemba

Niandike upesi, nguvu ni kidogo.

Asubuhi nikataka viatu, niende kwenye kamati. Binti akakataa. Akaviweka viatu juu ya kabati, akasema nikiweza kuvifikia nitakuwa nimepona, niende. Nikaomba karatasi badala yake. Nimeandika kila kitu na kutia jina langu lote. Kwamba kitabu ni uongo. Kwamba Mpenda Maua ni mimi. Kwamba aliyemtukana Mpenda Maua ni mimi vilevile. Kurasa sita.

Binti aliisoma amesimama karibu na cherehani. Akairudia. Kisha akauliza polepole. Kwa hiyo, baba, ile samadi...

Nikasema samadi nayo ilikuwa ya uongo.

Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akalia. Halafu akavaa viatu vya kutokea, akaichukua barua, akatoka hata futi ya kupimia hajaitoa shingoni.

Amerudi saa nane. Nasimulia kama alivyonisimulia.

Alipofika, mjomba wake yuko mbele ya kamati, suruali imechanika gotini, viatu vyote matope. Amepanda kilima tangu kulipopambazuka. Alimgongea Afisa wa Bustani mlango kabla hajapiga mswaki, wakapanda pamoja. Maua yapo. Yamefunguka yote, wameyahesabu, mia moja na kumi na tatu, na Shemeji ameyapima mahali pake kwa utepe, kila shimo. Mwenyekiti akamuuliza, mzee, kama maua yalikuwa huko siku zote, kwa nini hatukuambiwa? Shemeji akajibu kwamba shemeji yake, mwandishi wa kitabu, ni mgonjwa sana, lakini jana alikumbuka, akamtuma yeye aje asahihishe. Basi. Neno lingine hakuongeza. Kamati ikavutiwa. Mtu mmoja akapendekeza nipelekewe salamu za heshima.

Na wakati huohuo, salamu zikiwa bado zinaandikwa, binti yangu akaingia na kurasa sita.

Zikasomwa kwa sauti! Zote! Shemeji alikuwa amenifunika shuka, nami nikajifunua mwenyewe, katibu akiandika. Mwenyekiti alitandaza mezani barua zangu tatu, ya Mpenda Maua, ya kumkanusha na ya kuungama, akauliza wamwamini mwalimu yupi kati ya hawa watatu. Shemeji akasema huyo wa mwisho, ni mpya lakini ana dalili nzuri.

Ukumbi ulicheka. Binti anasema safari hii mjomba alicheka pia.

Mwamba wa kusini hauguswi. Imeandikwa na kupigwa muhuri.

Jumamosi, 16 Novemba

Shemeji amekuja. Nilijiandaa kwa matusi, hakunivunja moyo. Alisema barua yangu ilikuwa ndefu, na kwamba mtu anayekufa angejifunza kufupisha. Kisha akamaliza chai, akaomba nyingine.

Ana masharti. Ukurasa wa 61 uandikwe upya, aseme yeye, niandike mimi. Tukaanza. Kina cha udongo, sentimita tatu na nusu. Mteremko, nyuzi nne. Jua, saa kumi kwa siku. Kila nilipotaka kupamba sentensi akagonga kitanda kwa kidole: andika, mwanafunzi. Mwisho nikaandika kwamba ua hili lilionwa kwanza na mpima ardhi, mwaka fulani, tarehe fulani. Nikapendekeza tubadilishe na jina. Akakataa katakata. Libaki Malkia wa Kijito, ili kila atakayelisoma miaka na miaka aulize kijito kiko wapi, na aelezwe.

Afisa wa Bustani akaja baadaye. Yeye hakuja kucheka. Alisimama mlangoni akasema ameshindwa kulala akifikiria vile vyungu arobaini. Nikamwandikia barua kwa mkuu wake, kwamba ua liliuawa na mimi na si na yeye. Aya moja tu, Shemeji alikuwa anasimamia. Aliisoma, akaiweka ndani ya mkoba, akaketi pale ukingoni mwa kitanda. Kisha akanionyesha picha kwenye simu yake. Mwamba mweupe kwa maua.

Nikaomba wanipeleke nikaone. Kwa upole, kwa unyenyekevu, kama mtu aliyetubu. Binti akasema haiwezekani, daktari amekataza ngazi, sembuse kilima. Afisa akasema picha iko wazi kabisa, Mwalimu, unaweza hata kuikuza kwa vidole. Nikaikuza. Likawa ua kubwa la kwenye simu.

Kisha Afisa akauliza, kwa sauti ile wanayonisemesha siku hizi, kama kuna jambo lingine lolote kuhusu kile kilima ambalo ningependa walijue.

Nikajisikia nasema lipo.

Nilisema kuna kundi la pili. Juu zaidi, ukishapita ule mwamba wa kwanza, nyuma ya jiwe lililoegemea. Maua yake ni zambarau tupu. Halijaandikwa popote. Na mahali penyewe hapaelezeki kwa mdomo wala kwa ramani, lazima mtu aonyeshe kwa kidole, na kidole kinachopajua ni hiki.

Afisa aliruka kama yuko dawati la mbele. Alikwisha toka nje kupiga simu. Jumatatu asubuhi watu wanne wa Bustani watanibeba kwa kiti mpaka juu, na daktari atafuata nyuma na mkoba wake. Binti akamgeukia mjomba wake amsaidie kukataa. Shemeji alinitazama juu ya miwani, muda mrefu kuliko ule wa daktari. Kisha akasema mguu wa nyuma wa kushoto wa hicho kiti atashika yeye, asimpe mtu.

Hakuna kundi la pili. Sijawahi kupita ule mwamba wa kwanza maishani mwangu.

Wameondoka sasa, nami nimechora ramani ya akiba, isiyo na njia ya kufikia, wasije wakasita. Nimetia jiwe, nimetia mteremko, nimeandika maua arobaini, nikaona arobaini inatia shaka, nikaweka arobaini na matatu. Nimeeleza vizuri mno. Nimeitazama jioni hii yote, na hata mimi nimeanza kuyaona.